Idadi ya Kondoo Walioko Zizini

Kariakoo ina imani yake moja, haifundishwi msikitini wala kanisani: Mkinga akishuka mjini, kashuka na mzigo wa kuuza. Usipouona, ujue kauficha. Kwa hiyo Tarsis Chaula, mtoto wa Makete, alipopanga chumba kirefu ghorofa ya tatu juu ya duka la chupa za chai la Mzee Bushiri, akatundika kibao kilichoandikwa Kanisa la Methodisti, Mchungaji T. Chaula, mtaa mzima ulitikisa kichwa kwa heshima. Huyu Mkinga ana akili, walisema. Nani atakwenda kukagua kanisa? Mwaka mzima wachuuzi wakawa wanampandia ngazi, wanachungulia nyuma ya mimbari na kuuliza kwa sauti ya chini mzigo unaingia lini. Akiwaambia hana mzigo, yeye ni mchungaji, wanamkonyeza na kushuka.

Na kweli hakuwa na mzigo, maskini. Alikuwa na waumini kumi na mmoja, viti vya plastiki sitini, na kinanda kilichogoma kwenye noti tatu. Tena hao kumi na mmoja wakija wote ujue hakuna mgonjwa, hakuna msiba, na hakuna mechi.

Sasa nikuambie alikotoka, maana bila hapo hutaelewa alivyokuwa anaogopa. Tarsis alikulia shambani, huko juu milimani, kwenye viazi, pareto na kondoo sitini wa baba yake. Makete kuna ukungu, jamani, si huu wa mjini tunaosimuliana. Ukungu ukishuka huoni hata mkono wako. Mzee Chaula alimfundisha mwanawe kuhesabu kondoo kwa masikio. Unasimama, unafumba macho, kwa sababu macho kwenye ukungu yanakutia tamaa tu, halafu unasikiliza mlio mmoja mmoja. Kila kondoo ana sauti yake. Ukikosa sauti moja, hakuna kula, unarudi kuitafuta. Tarsis alizichukia zile jioni. Alilala njaa mara nyingi kwa ajili ya kondoo mmoja mpumbavu aliyenasa korongoni, na siku nyingine alimrudisha mabegani huku analia kwa baridi.

Alipofika miaka ishirini akatoroka, akaenda chuo cha Biblia. Alirudi likizo kumweleza baba yake kwamba shamba basi, anasomea kazi nyingine. Mzee akauliza kazi gani. Tarsis akajibu, uchungaji. Mzee Chaula alicheka siku tatu. Alicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna ugonjwa, na alipopata pumzi akamwambia mwanawe maneno mawili tu: "Utachunga tu."

Miaka ishirini na sita iliyofuata ilimtetea yule mzee. Wamethodisti huwahamisha wachungaji wao kama sufuria la shughuli, leo nyumba hii, kesho ile. Tarsis alipelekwa Mbozi, akapelekwa Tunduma, akapelekwa Sumbawanga, na kote huko hakumaliza mwezi kabla mtu hajabisha hodi kwamba ng'ombe amekwama kuzaa. Alibatiza watoto mia nne. Ndama hakuwaandika kwenye ripoti. Mwishoni akaandika barua ya kuomba, kama ingewezekana kabisa, apelekwe mahali pasipo na majani. Wakampa Kariakoo. Alipofika akatazama lami, zege na maturubai, akaona hata panzi hana pa kulala, akamshukuru Mungu kwa sauti katikati ya mtaa, na kuli mwenye mzigo kichwani akamtukana apishe njia.

Mchungaji mwenye watu kumi na mmoja hawezi kushinda ofisini, atakuwa anamchunga nani? Basi akawa anashinda mtaani. Makuli aliwasomea karatasi za hospitali. Wamachinga waliokamatwa aliwafuata kituoni akakaa nao kwenye benchi mpaka watoke. Zamda, mama lishe wa pale kona, alipovunjika mkono, mchungaji ndiye aliyemsongea ugali wiki mbili, ugali mgumu wa Makete ambao wateja wanausema mpaka leo. Na Shaibu, mlinzi wa lile jengo, kijana wa Newala, alipofiwa na mama yake asipate ruhusa ya kwenda kuzika, Tarsis alichukua mkeka akautandika pale getini wakakaa matanga wawili, siku tatu, kila anayepita anawapa pole. Hakuna aliyekuwa muumini wake. Hilo la kuwafanya waumini wala hakulitaja, alikuwa na aibu ya mtu aliyelelewa na kondoo.

Ndipo ikaja barua. Iliandikwa na msimamizi wake, Mchungaji Pantaleo, mtu mnene, mpole, mwenye ugonjwa mmoja: hawezi kusema jambo kwa jina lake. Kwake yeye waumini ni kondoo, kanisa ni zizi, sadaka ni malisho, na kamati ya fedha anaiita kisima. Barua ilisema zizi lolote lenye kondoo pungufu ya thelathini mwisho wa Juni litafungwa, na mchungaji wake atahamishiwa kwenye shamba la kanisa kule kusini, ambako pana upungufu wa msimamizi wa mifugo. Tarsis aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Mifugo gani? Chini kabisa ilikuwa imeandikwa: kondoo. Safari hii msimamizi alimaanisha kondoo wenyewe, wa sufu.

Jamani, alilia. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita alijifungia nyuma ya kinanda akalia, kwa sababu alimsikia baba yake, marehemu miaka kumi, anacheka. Na pia kwa sababu aliipenda Kariakoo kuliko alivyopata kupenda mahali popote, na hakuwa na namna ya kulieleza hilo kwenye fomu.

Wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja, Mzee Bushiri akapanda ngazi. Bushiri ni wa ukoo wa zamani wa mji huu, mtu wa kofia safi na maneno machache. Kila Jumapili saa kumi alizima kipaza sauti chake kinachotangaza chupa za chai, Methodisti wasali, na hakuwahi kuombwa wala kushukuriwa vya kutosha. Siku hiyo alikuwa na shida. Alikuwa na kondoo thelathini na saba wa Idi, wa kwake, wa jamaa zake na wa kuwagawia wajane wa Ilala. Bomba la maji taka lilikuwa limepasuka uani kwake, hawezi kuwaweka pale. Alihitaji mahali kwa siku nne, na mtu anayewajua.

"Nimesoma kibao chako, Mchungaji," alisema Bushiri. Alijua vizuri sana kibao kile kilikuwa na maana gani, lakini mdomo wake ulikuwa unacheza.

Tarsis angekataaje? Wema wa Jumapili sabini ulikuwa umesimama mbele yake na kofia. Alisema waletwe.

Waliletwa asubuhi, na mtaa ukasimama. Makuli sita walijaribu kuwapandisha zile ngazi, wakavuta, wakasukuma, wakabeba mmoja akawakojolea. Kondoo wakajazana mlangoni mwa duka, chupa za chai zinaanguka, wateja wanarekodi kwa simu. Tarsis alitazama mpaka akashindwa kuvumilia. Akavua viatu, akapanda ngazi ya tano na kola yake shingoni, akapiga mluzi. Si mluzi wa mjini huu; unapanda, unashuka, mwishoni ulimi unagonga kaakaa. Hakuwa ameupiga kwa miaka ishirini na sita. Kondoo thelathini na saba wakanyamaza, wakageuza vichwa, wakamfuata kwa mstari mpaka ghorofa ya tatu. Na sasa nitakuambia kilichomuuma kuliko vyote: alifurahi. Furaha ile haikuwahi kumpata mimbarini hata siku moja, na alijionea haya mpaka jioni.

Siku ya pili akaja Dada Agnesi, katibu wa kanisa, anauza vifungo na zipu mtaa wa pili. Kabla ya hapo Agnesi alikuwa karani mnadani, kazi yake kuhesabu mifugo inayoshuka kwenye malori, miaka kumi na minane bila kukosea hata mkia. Ni mwanamke asiyesema uongo hata wa kumfurahisha mgeni. Alikuja kujaza fomu ya nusu mwaka, na fomu ile aliitunga Pantaleo mwenyewe. Swali la kwanza liliandikwa: Idadi ya kondoo walioko zizini. Agnesi alitazama chumba. Akahesabu kutoka kushoto, akahesabu kutoka kulia, akaandika thelathini na saba. Tarsis alikuwa amemkamata kondoo mguu anamtoa kioo kwenye kwato, akasaini kwa mkono mmoja bila kusoma. Agnesi akaipiga picha ile fomu akaituma.

Jumamosi simu ikaita. Ni Pantaleo, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. Alisema amesikia habari za kondoo thelathini na saba. Tarsis alijua umbea wa Kariakoo una miguu, lakini hakudhani umekwenda mbali hivyo. Akaanza kuomba radhi. Pantaleo akamkatiza kwamba aombe radhi ya nini, mtumishi, hili ni jambo la shangwe, kutoka kumi na mmoja! Wamekujaje? Tarsis akasema wameletwa na Mzee Bushiri. Pantaleo akauliza Bushiri si Mwislamu? Ni Mwislamu, akasema Tarsis, lakini alinionea huruma. Pantaleo alikuwa anajifuta macho.

"Na wote wameokoka?"

"Mmoja aliteleza ngazini, lakini wameokoka wote."

"Na kutoa, wanatoa?"

"Wanatoa mno, Baba. Asubuhi na jioni. Tunazoa kwa koleo."

"Kwa koleo," alirudia Pantaleo taratibu, na akasema kesho anakuja mwenyewe.

Alikuja saa kumi kamili, Bushiri amekwisha zima kipaza sauti. Alikuja na keki. Juu ya keki, kwa sukari nyekundu, paliandikwa 37. Alipanda ghorofa tatu akihema, ngazi zimejaa watu, kwa sababu Kariakoo nzima ilisikia kwamba kesho Idi na leo Mkinga anawahubiria kondoo, na burudani ya bure haina dini. Pantaleo aliwapita akiwashika vichwa kwa baraka, ameona mavuno. Akafungua mlango. Waumini kumi na mmoja walikuwa wamebanana ukutani. Viti vilikuwa vimesogezwa, na katikati ya kanisa, kwenye nyasi kavu, walisimama wengine wote.

Mtu akizoea mimbari, mdomo hutangulia akili. "Bwana asifiwe," alisema Pantaleo, na kondoo thelathini na saba wakamwitikia.

Sitasimulia yote yaliyofuata, mengine yanamvunjia mtu heshima. Aliweka keki juu ya kiti akamvuta Tarsis pembeni, na Agnesi akajivuta mwenyewe. Pantaleo alisema takwimu amekwisha zipeleka makao makuu, amepongezwa kwa simu. Tarsis, ambaye ndiyo kwanza anaelewa, alikosa pa kuweka mikono. Agnesi yeye alikuwa nayo fomu mkononi.

"Imeuliza kondoo," alisema. "Nimehesabu mara mbili. Ikitaka watu, iandike watu."

Pantaleo hakuwa mtu mbaya. Alishusha sauti akatoa njia: hesabu ibaki ilivyo. Nani atapanda ngazi hizi kuja kuhesabu? Kanisa litakuwa salama, mwakani Mungu ataleta wengine. Ukirekebisha, akamwambia Tarsis, ni kumi na mmoja, na mimi sitakuwa na la kufanya, utakwenda shambani. Tarsis aliwatazama kondoo. Aliwatazama wale kumi na mmoja ukutani, wanamwangalia kama watoto wanaosikiliza wazazi wakigombana chumba cha pili. Alitaka kusema ndiyo. Jina la Kariakoo lilikuwa limemjaa mdomoni.

"Hawa ni wa Mzee Bushiri," alisema kwa sauti, ngazi zote zikasikia. "Kesho wanachinjwa. Wangu ni kumi na mmoja. Andika kumi na moja, Agnesi."

Agnesi akakata 37 kwa rula. Wakati huo kondoo mmoja alikuwa amefika kwenye keki na kula ile 7.

Mlangoni pakawa na minong'ono, watu wanaelezana: wanamfunga, wanamhamisha, anapelekwa kuchunga mbuzi, si mbuzi, kondoo, kwa nini, fomu. Bushiri, aliyekuja kutazama mali yake, akaomba kuiona hiyo fomu. Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akampa Shaibu. Shaibu aliisoma midomo ikitembea. Halafu akavua kofia ya ulinzi, akaingia ndani hatua mbili.

"Mimi ni Mwislamu," alisema, "na nitakufa Mwislamu, kwa hiyo kwenye waumini msiniandike. Lakini hii haijauliza waumini. Imeuliza kondoo. Alinikalia matanga ya mama yangu siku tatu." Akamgeukia Agnesi. "Mee."

Hakuna aliyecheka. Kuli mmoja nyuma yake akasema mee kwa sauti nzito, kama anaapa mahakamani. Zamda akasema mee na mwiko mkononi. Ikaanza kushuka ngazi, mee, mee, wachuuzi, makuli, dada wa mawigi, hata wale waliokuwa bado wanaamini kuna mzigo nyuma ya mimbari. Agnesi akapiga kelele ya karani, mmoja mmoja, tafadhali. Lakini kondoo wa Bushiri nao, kusikia hivyo, wakaanza kuitikia, hesabu ikavurugika, akaanza upya ikavurugika tena, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Agnesi akashindwa kuhesabu.

Tarsis akafumba macho. Akasimama vile alivyofundishwa, miguu imeachana kidogo, kichwa kimeinama. Akasikiliza mpaka alipomaliza.

"Arobaini na wawili," alisema. "Wa Bushiri nimewatoa."

Agnesi akaandika 42, akampa Pantaleo fomu yake mwenyewe, maneno yake mwenyewe, naye hakupata pa kutokea. Akasaini. Alipokuwa anashuka, kuli mmoja alimwinamishia kichwa kwa baraka, na akambariki.

Kesho yake alfajiri Tarsis alipiga ule mluzi akawashusha kondoo wa Bushiri ngazi zote tatu. Walimfuata kwa imani, hicho ndicho kilichomuua. Akawakabidhi, akapanda juu, akafagia peke yake huku machozi yanamtoka. Mchana Bushiri akamletea mguu mzima kwenye sinia lililofunikwa kwa kawa, akaupokea kwa mikono miwili, na hakuweza kuula. Aliwapelekea wale kumi na mmoja.

Sasa, usidhani Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa. Walikuja kumi na mmoja wale wale. Kondoo wa mtaani walikuwa kazini. Ila Bushiri alipozima kipaza sauti saa kumi, na Tarsis akafungua kinywa, mtu huko chini akasema mee. Akafuata mwingine. Kwanza ni utani, halafu ikawa kawaida, kila Jumapili saa kumi mtaa unamjulisha mchungaji kwamba upo, halafu unaendelea kubeba mizigo. Waumini walizoea. Tarsis alikuwa akinyamaza kidogo pale mimbarini, macho ameyafumba, wageni wakidhani anasali.

Jumapili moja ya Agosti alifumba macho, akasikiliza, na hakuyafungua. Kinanda kikamsubiri. Akaonyesha mkono watu watulie, akasikiliza tena. Halafu akafunga Biblia, akawaacha wale kumi na mmoja wimbo haujaanza, akashuka ngazi mbili mbili na joho lake.

Shaibu alikuwa kwenye kibanda chake nyuma ya geti, chini, amejikunja kwenye ule mkeka wa matanga, anatetemeka kwa malaria, meno yanagongana, hawezi hata kuita. Watu walikuwa wanapita hapo tangu asubuhi wanadhani amelala. Tarsis alimwinua, akampitisha mabegani, miguu upande huu na mikono upande ule, akatoka naye mtaani kuelekea zahanati, anapiga mluzi watu wapishe. Walipisha.

"Mchungaji," alisema Shaibu shingoni pake, sauti haitoki, "nani amekwambia?"

"Hakuna," alisema Tarsis. "Sikukusikia."